Maneno ya Mwizi Mwenyewe

4 Februari

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Kuna jambo nimelificha kwa miaka arobaini na mmoja. Naliweka hapa juu kabisa, kabla ya salamu, kwa sababu Shangazi yako huingia chumbani bila hodi, na nikianza na salamu atanikuta sijafika. Yale maneno ya mwizi katika hiyo filamu ya polisi na wezi inayoonyeshwa kwenye ukumbi wenu, niliyaandika mimi.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nimemwambia hata mimi nimechoka, ila sijapata wa kunipa likizo. Shangazi yako alistaafu uuguzi lakini uuguzi haujamstaafu: chumvi ananipimia kwa ncha ya kisu, na usingizi wangu anauandika kwenye daftari. Baba yako alipita Jumapili, akakaa dakika ishirini, akalisifu bati jipya, akaondoka. Hajambo.

Turudi kwenye jambo. Shangazi alinisomea gazetini kwamba filamu imetokana na kesi ya kweli ya wizi wa duka la sonara, na kwamba watengenezaji walilichimbua jalada kwenye ghala la mahakama, wakachukua maelezo ya mshitakiwa neno kwa neno. Eti hata tangazo lake limeandikwa: “Kwa maneno ya mwizi mwenyewe.” Nilicheka mpaka nikapewa dawa.

Wakati ule nilikuwa koplo, mwandishi wa kituo. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nimemaliza sekondari, kwa hiyo kila aliyekamatwa alipitia mezani kwangu kuandikwa maelezo. Watu husema ovyo, mjukuu wangu. Huanzia katikati, hurudi nyuma, hulia, huomba maji. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha. Yule naye alisema, mimi nikanyoosha lugha, basi.

Simu siisikii tena. Kwangu inalia kama nyuki ndani ya kopo. Niandikie. Najua wewe ndiye unayekusanya fomu za maoni ya watazamaji. Nataka kujua, na hii ibaki siri yetu: wanasemaje kuhusu maneno? Milio ya bunduki haina haja. Maneno.

Babu yako


19 Februari

Shikamoo Babu, mume wangu wa kwanza na asiye na meno,

Mimi ni mzima. Nimehamia chumba cha juu, juu ya fundi cherehani, kwa hiyo siku nzima sakafu inatetemeka kama ina homa. Baba alinipigia simu, tukaongea dakika mbili, akasema Babu yuko imara kama jiwe. Sikumwambia kwamba jiwe limeniandikia barua.

Babu! Miaka yote hiyo nakuletea hadithi za sinema, kumbe mwenye sinema ni wewe? Nimeusoma ukurasa wa kwanza mara tatu. Haya, maoni umeyataka, maoni haya hapa. Sanduku la fomu liko karibu na mlango wa kutokea. Watu hujaza wamesimama, wakisukumana, kwa hiyo usitegemee mwandiko kama wako. Nimenakili machache, sikugusa neno.

Mwanamume wa safu ya nyuma: “Kule kufukuzana juu ya mapaa kumenitoa jasho. Mwizi ana mbio, polisi ana mbio, mimi na kitambi changu ndiye niliyechoka.”

Mama wa makamo: “Yule koplo ni mzuri mno. Ameoa?” (Babu, koplo ndiye wewe. Wamekupa kijana mwenye mabega kama kabati.)

Mwalimu mstaafu: “Lugha ya mwizi ni safi kuliko ya hakimu. Nashauri maneno yale yafundishwe shuleni.”

Kijana: “Mwizi gani anaongea kama barua ya kuomba kazi? Mimi nimekulia mtaa wa wezi. Mwizi husema ‘sijui afande’ mpaka kesho.”

Fundi wa kufuli: “Mtu mwenye maneno haya hawezi kulivunja kufuli lile. Angelibembeleza.”

Halafu kuna fomu nyingi sana kuhusu kipande cha mahakamani, pale mwizi anapomwambia hakimu kwamba saa ya wizi yeye alikuwa kituo cha polisi anatengeneza taipureta. Eti mashahidi wake ni polisi! Kila onyesho, hapo ndipo ukumbi unapovunjika. Kuna mtu aliandika neno moja tu, “Mbavu!”, akatia sahihi.

Na kuna kitu kingine cha ajabu. Nimepata fomu sita, za siku sita, zote kwa penseli na mwandiko mmoja. Penye maoni ya mtazamaji zimeandikwa hivi: “Mimi sikusema hivyo.” Basi, hakuna kingine. Mkata tiketi anasema ni mzee mmoja anayekuja onyesho la mchana, lile la bei ya chini, na hukaa kiti cha pembeni. Sisi tunamwita Mzee Sikusema. Wewe unaonaje, mwandishi?

Mjukuu wako


2 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Shangazi yako hajambo na amegundua namna mpya ya kupika bila mafuta, kwa hiyo mimi ndiye sijambo kwa shida. Paka amezaa ndani ya kofia yangu ya zamani ya kazini. Nimewaachia.

Huyo mwalimu mstaafu mpe salamu zangu ukimwona tena, anajua kusoma. Huyo kijana wa mtaa wa wezi hajui kwamba mahakama si mtaa. Hebu sikia, halafu wewe mwenyewe useme kama hii ni barua ya kuomba kazi: “Umaskini ulinishika mkono kama mama amshikavyo mwana, ukaniongoza hadi mlangoni kwa sonara, nami sikuuliza tunakwenda wapi.” Siku ile hakimu aliisoma kwa sauti, akavua miwani. Mwendesha mashtaka alinipa mkono nje. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kusifiwa vile tena.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Wenzangu waliandika kitabu cha matukio papo hapo: nani kaingia, nani katoka, nani kaibiwa kuku. Kikawa kimejaa michirizi na matone ya chai. Mimi mchana niliandika yote kwa penseli kwenye karatasi za kando. Jioni, kituo kikitulia, niliyanakili kitabuni kwa wino, kwa mpangilio na bila kufuta hata mahali pamoja. Mkaguzi kutoka makao makuu alikionyesha vituo vingine kuwa mfano. Sijui kwa nini nakueleza haya. Labda kwa sababu hakuna mwingine anayeuliza.

Kuhusu maelezo ya yule mtu: nilikwambia alisema, mimi nikanyoosha. Kusema kweli hakuwa msemaji. Alisema kidogo. Kidogo sana. Mapengo nilijaza mimi, kwa sababu jalada haliendi kwa hakimu na mapengo.

Na hakuna aliyefukuzana na mtu juu ya paa. Mimi nina nyayo bapa, na mkubwa wetu wa kituo alikuwa hawezi kupanda hata ngazi za benki. Jalada linasema “alikamatwa”, nalo linatosha.

Huyo wa penseli achana naye. Kila ukumbi una kichaa wake. Usikae naye karibu, na fomu zake usizihifadhi.

Babu yako


21 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini moyo unakubali kupumzika na paka hajambo na wanawe. Huku mvua inanyesha, na fundi cherehani amepata zabuni ya sare za shule, kwa hiyo nalala na kuamka na vishindo vya mashine.

Nilikaa naye karibu. Nisamehe.

Ilikuwa onyesho la saa nane, ukumbi una watu kumi na mmoja. Filamu ilipokwisha, yeye alibaki kwenye kiti akiandika juu ya goti. Nikamwendea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mnafunga?”

“Bado. Hizi fomu za penseli ni zako?”

“Zina kosa?”

“Hazina. Ila nafasi ya maoni ina mistari minne, na wewe unatumia mmoja.”

“Nikijaza minne mtasoma?”

“Mimi nitasoma. Ndiyo kazi yangu.”

Akanitazama kama mtu anayepima kama kiti kitamhimili. Halafu akacheka kidogo. “Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kwamba kusoma maneno yangu ni kazi yake. Kaa basi, binti.”

Babu, ni yeye. Alikuwa fundi wa taipureta. Alifungwa miaka kumi na minne. Anasema maneno yale aliyasikia mara ya kwanza mahakamani, yakisomwa, akadhani ni ya mtu mwingine, akageuka kutazama nyuma ni nani huyo aliyelelewa na umaskini kama mama. “Mimi mama yangu alikuwa na duka,” aliniambia. “Umaskini niliujua baadaye.”

Nikamuuliza hasira zake anazipeleka wapi. Akasema hana mahali pa kuzipeleka, ndiyo maana ananunua tiketi. Mwanzo alikuja kuona watamchoraje. Alipowasikia watu wanacheka pale mahakamani, akaona ni vilevile walivyocheka siku yenyewe, akarudi kesho yake kuhakikisha.

Ana binti mmoja, ameolewa, anatumia jina la upande wa mama. Wajukuu zake wanaambiwa babu yao alikufa zamani. Mara moja alipita karibu na shule yao, mdogo akamsaidia kuvuka barabara, akamwambia, “Pole pole, babu.” Akaniambia hivyo tu.

Sasa amepata wakili, dada mmoja kijana anayemsaidia bure. Ombi la kuifungua kesi upya litasikilizwa mwisho wa Juni. Wakili anasema hati zote zinampinga: maelezo yana sahihi yake, na kitabu cha matukio hakionyeshi kwamba aliingia kituoni siku ile. Anahitaji mtu mmoja aliye hai, aliyekuwepo kituoni, aape kama alimwona au hakumwona.

“Wote wamekufa,” mzee alisema. “Labda yule koplo aliyekuwa akiandika. Lakini alikuwa mtu wa kikohozi, nadhani naye ameshakwenda.”

Babu, niliinama nikawa naokota vipande vya tiketi. Sakafu ilikuwa safi.

Swali langu ni moja, sikuulizi mengine. Saa ya ule wizi, alikuwepo kituoni au hakuwepo?

Mjukuu wako


9 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu za dhati. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli: nililazwa. Siku kumi na mbili. Kitanda kilikuwa na gurudumu bovu, kila nikikohoa kinasafiri kuelekea mlangoni. Shangazi yako aligombana na wauguzi wawili na mfagizi, nadhani alifurahi sana. Paka ameondoka na wanawe wote isipokuwa mmoja mwenye jicho baya. Baba yako alikuja akakaa saa nzima, ndipo nikajua hali yangu si nzuri. Aliniambia wenzake kazini wote wameiona filamu, na yeye amewaambia koplo ni baba yake. Wamemnunulia soda.

Bati jipya halivuji. Wino wa siku hizi hauna nguvu, unapauka kabla ya barua kufika. Wa zamani ulikuwa na rangi ya bilinganya, ukikauka unang’aa. Naona hilo jambo la wino halikuhusu.

Unaniandikia mambo ya wakili na mwisho wa Juni. Mjukuu wangu, mimi nina majuma machache, na nilitarajia kuyatumia nikiwa mtu mwema. Cheo nilichopandishwa baada ya kesi ile ndicho kilichompeleka baba yako shule ya bweni, na shule ile ndiyo iliyompa kazi, na kazi ile ndiyo iliyokulea wewe, pamoja na huo ulimi wako wa kuuliza. Ukoo mzima umejikinga mvua chini ya kesi ile. Fikiri kabla hujavuta nguzo.

Lakini kwa kuwa niliahidi kukuambia ukweli kuhusu maneno, nitakuambia yaliyobaki. Nilisema alisema kidogo. Hakusema kitu. Alikataa siku tatu. Walikuwa naye chumba cha pili, mkubwa wa kituo na vijana wawili wa upelelezi. Mimi sikumgusa. Nilikuwa nje ya mlango, nachonga penseli. Nilichonga nyingi sana siku zile. Siku ya nne wakamleta mezani kwangu, akatia sahihi karatasi ambayo sikumsomea. Nilikuwa nimeiandika tangu siku ya pili. Ndivyo ilivyokuwa, na kwa kweli ni maandishi mazuri.

Swali lako lile jingine sikulisikia vizuri. Unayajua masikio yangu.

Babu yako


20 Mei

Shikamoo Babu,

Pole na kulazwa. Pole pia na kuruhusiwa, maana najua sasa daftari la Shangazi limeongezewa kurasa. Mimi mzima, nyumba inatetemeka kama kawaida.

Babu, swali lilikuwa kwenye barua. Barua haihitaji masikio.

Filamu inaondolewa kwetu Ijumaa. Nilimwambia Fundi wa taipureta mimi ni nani, kwa sababu nilishindwa kuendelea kupokea fomu zake kama mgeni. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa. Alinyanyua miguu wafagizi wapite. Halafu akauliza, “Bado anakohoa?”

Nikasema anakohoa.

Akasema, “Basi mwambie sihitaji aniombe msamaha. Msamaha ataupamba. Aandike kitu kimoja tu, kama kilivyokuwa.”

Umesema nifikiri kabla sijavuta nguzo. Nimefikiri. Ile mvua tuliyoikwepa sisi, yeye alisimama ndani yake miaka kumi na minne, na anga lilikuwa letu. Mimi sitaki kukupenda kidogo, Babu. Nimejaribu juma zima na siwezi. Kwa hiyo sina cha kukutisha nacho, isipokuwa tarehe: wakili anataka karatasi mkononi kabla ya tarehe ishirini Juni.

Nimekuwekea fomu moja ya maoni ndani ya bahasha. Ina mistari minne. Filamu iko mjini kwenu juma lijalo. Nenda kaione, wewe ndiye mtazamaji pekee ambaye sijapata maoni yake.

Mjukuu wako


11 Juni

Mjukuu wangu,

Mwandiko huu si wangu, ni wa Shangazi yako. Mkono wangu sasa haushiki hata kijiko. Nasema, yeye anaandika. Hajambo kwa sasa; akimaliza kurasa hizi sijui kama atakuwa hajambo. Baba yako hajambo na hajui lolote. Mwambie wewe, una ulimi wa kazi hiyo.

Tulikwenda kuiona. Shangazi alinisukuma kwa kiti cha magurudumu, akawaambia watu wa mlangoni kwamba mimi ndiye koplo. Wakatuingiza bila tiketi, wakatukalisha mbele, picha ikawa kubwa mno, naona pua tu. Yule kijana mwenye mabega anaruka kutoka paa hadi paa. Nilimwonea huruma, mimi ningeanguka la kwanza. Maneno yangu yalisomwa mwanzo na mwisho. Kwa mara ya kwanza niliyasikia kwa sauti ya mtu mwingine, na yule kijana wa mtaa wa wezi amesema kweli. Ni barua ya kuomba kazi. Ilikuwa yangu, na kazi niliipata.

Kilipofika kile kipande cha mahakamani, ukumbi ukavunjika. Jirani yangu akanipiga kiwiko: “Mzee, huyu mwizi kiboko! Eti alikuwa kituoni!” Nami nikacheka. Sikukusudia. Nilicheka kwa sababu siku ile mahakamani nilicheka pia, kwenye benchi la mashahidi, pamoja na wote, na yeye akanitazama mimi peke yangu.

Fomu yako nimeiona. Mistari minne haitoshi, ingawa ingetosha kama ningekuwa mtu mwingine. Alhamisi atakuja wakili wa hapa mjini kunishuhudia nikiweka dole gumba. Hiki ninachosema sasa ndicho atakachokipiga muhuri, kwa hiyo nimemwonya Shangazi yako aandike kama ninavyotamka. Tumeshagombana mara mbili. Nimesema “nilidanganya”, nikamwambia anisomee, akasoma “nilighafilika”.

“Futa.”

“Baba, nalainisha tu kidogo. Watu watasoma.”

“Usilainishe. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mimi.”

Amefuta. Utaona mahali palipofutwa. Paache hivyo hivyo.

Siku ya wizi, fundi alifika kituoni saa tatu asubuhi. Nilimwita mimi, taipureta ilikuwa inakwama. Aliifungua yote, akazipanga nyuzi na vyuma juu ya gazeti, mezani kwangu. Saa nne, saa ile duka la sonara linavunjwa, alikuwa ameinamia mashine na mimi namshikia tochi. Simu ikalia. Mkubwa na wengine wote wakatoka mbio, tukabaki wawili, mimi na yeye. Aliniuliza kuna nini. Nikamwambia wizi kwa sonara, mchana kweupe. Akatikisa kichwa, akasema, “Wezi wa siku hizi hawana aibu,” akaendelea kukaza. Aliondoka saa sita, mkubwa na wenzake hawajarudi.

Niliandika kwa penseli: fundi, kuingia saa tatu, kutoka saa sita. Jioni ile sikunakili kitabu kwa sababu kituo kilikuwa kama soko. Nilinakili kesho yake, baada ya yeye kukamatwa. Mstari wake nikauruka. Kitabu hakikuwa na kufutwa hata mahali pamoja. Karatasi ya penseli niliichoma.

Mkubwa alikuwa amepewa juma moja apate mtu. Shahidi mmoja barabarani alisema aliona ovaroli ya buluu. Orodha ya vyeo ilikuwa mezani kwa mkubwa na jina langu lilikuwa la tatu. Aliniuliza mara moja tu, mbele ya fundi: “Koplo, unamjua huyu?” Nikasema simjui. Mahakamani nikaulizwa tena, nikiwa nimeapa, na nikasema nilimwona mara ya kwanza siku aliyokamatwa. Nilidanganya.

Maelezo yake niliyapiga chapa kwa mashine ile ile. Ilikuwa haikwami tena.

Hapo Shangazi yako aliacha kuandika. Alikwenda dirishani. Nikamngoja.

Amerudi. Amechukua kalamu. Mwambie Fundi kwamba haya hayajapambwa, na kwamba simwombi lile alilosema nisiombe, ingawa nimefika karibu mara kadhaa na Shangazi yako ni shahidi.

Kimebaki kimoja. Wakili wa Fundi atauliza alikamatwaje, maana jalada limeandika neno moja na filamu imejibu kwa mapaa. Hakuna aliyemtafuta. Aliingia kwa mlango wa mbele, siku ya pili yake, saa mbili asubuhi, amevaa ovaroli yake ya buluu. Alinisalimia kwa cheo changu, akaniuliza kama nimeiona bisibisi aliyoisahau jana. Nilikuwa nimemwekea kwenye droo.